Lugha Aliyobaki Nayo Mama

Jumapili, 3 Novemba

Naandika kwa sababu nikiendelea kuyasema haya kwa mdomo nitaishia kumtukana mtu, na mtu mwenyewe ni kaka yangu.

Mama ametoka hospitali leo. Kiharusi kilimkuta jikoni baada ya sikukuu, mikono ikiwa ndani ya sinia la kuskusi. Mguu umerudi. Mkono wa kulia unafanya kazi nusu. Kilichoondoka ni Kiebrania. Amekisema miaka zaidi ya sitini, sokoni, kliniki, kwenye mikutano ya kijiji, na sasa hakimtoki tena. Kukielewa anakielewa. Mwambie inua mguu, atainua. Ila akifungua mdomo kinatoka Kiarabu chetu, cha Wayahudi wa Tripoli ya Libya, alichokua nacho, safi kabisa, na Kiitaliano chake kidogo cha jikoni humo ndani.

Daktari kijana aliniambia, "Tushukuru, bado anaongea, ingawa haeleweki."

Nikamwambia, "Anaeleweka. Wewe ndiye huelewi."

Kaka yangu Rahmin alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alikuwa anatazama simu.

Jumatano, 6 Novemba

Tumeanza kuchuma machenza. Jua kali, kama vile si Novemba.

Jumanne, 12 Novemba

Rahmin amekuja na mkewe na keki ya dukani. Mjini wanamwita Rami, diwani Rami, picha yake bado imebandikwa kwenye vituo vya basi tangu uchaguzi. Mama anamwita Rahmin, jina la babu yetu aliyemzaa Mama, nami pia.

Mama alimshika shavu akamwambia amekonda na kwamba shati lake ni la mtu mwingine. Rahmin akanigeukia, "Amesema nini?"

"Amesema umekonda."

"Hilo tu? Mbona maneno mengi?"

Alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, akarudi hataki kuitikia kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa mtoto, sikumlaumu. Sasa ana miaka hamsini na mitano. Jikoni, akinong'ona ingawa Mama anasikia vizuri kuliko sisi sote, aliniambia, "Rubina, tuseme ukweli. Mama ameondoka. Anaropoka."

"Ametoka sasa hivi kulisema shati lako."

"Unaona? Shati lina nini?"

Alhamisi, 21 Novemba

Bi Gazala wa nyumba ya pili amekuja bila kualikwa. Tangu nikiwa mtoto sijampenda huyu mwanamke. Hakuna harusi kijijini ambayo hakuitabiria talaka. Yeye na Mama hawajasemezana vizuri tangu ugomvi fulani wa malenge ambao kila mmoja anausimulia kivyake. Alikaa, akamtazama Mama, akasema kwa lugha yetu, "Nimesikia umesahau kila kitu. Basi umesahau na malenge yangu?"

Mama akajibu, "Malenge yalikuwa yangu, na pua yako imezidi kurefuka."

Wakazozana hadi chai ikapoa. Nilikuwa nasafisha mchele nikawaacha. Watu waliokuja kutoka Tripoli walijaza sinagogi hapa, wakati ule mtoto akilia barabarani anabembelezwa kwa lugha hiyo. Leo wanaoweza kuzozana nayo hivi ni hawa wawili na mzee mmoja ambaye hasikii. Sisi tuliozaliwa hapa tunaelewa yote, lakini tukitaka kuisema tunachechemea.

Akiondoka Bi Gazala aliniambia mlangoni, "Mama yako ni mzima. Mbaya vilevile."

Jumanne, 3 Desemba

Leo jioni sikukuu ya mabinti, usiku wa wanawake ndani ya Hanuka. Tumewasha mishumaa ya Hanuka, wanawake sita wamekuja na binti zao na vitumbua vya asali. Mama amewabariki wasichana mmoja mmoja, mkono wa kushoto juu ya kichwa. Wasichana wakaniuliza bibi anasema nini. Nimetafsiri mpaka koo limekauka. Nilipofika kwa binti wa tatu nikagundua natafsiri vibaya, kwamba kuna maneno sina pa kuyaweka, nikawa nasema tu, "Anakutakia mema." Nilijichukia.

Rahmin hakuja. Kikao.

Alhamisi, 12 Desemba

Dhoruba. Upepo umepiga tangu alfajiri, mvua inakuja ubavuni. Milimani theluji. Umeme umekatika.

Ijumaa, 13 Desemba

Bado.

Jumapili, 15 Desemba

Nusu ya machenza yako chini, yanaelea kwenye matope. Nimetembea kati ya mistari ya miti na buti za marehemu baba, nikiyakanyaga. Mama alikaa barazani amejifunga blanketi akaniita, akaniagiza nianze na yale ya upande wa magharibi, yatauzwa kwa kiwanda cha juisi kabla hayajachacha, niache ya mashariki, upepo haukufika huko. Nilikwenda mashariki. Kweli haukufika.

Huyo ndiye aliyeondoka.

Rahmin amepiga simu kuuliza kama paa ni zima. Halafu akasema kwamba Alhamisi atakuja mpimaji wa idara ya ustawi wa jamii, kumpima Mama akili. Ameomba mahakama imfanye msimamizi wa mambo ya Mama. Amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee mjini, wodi yenye mlango wa kufungwa, kuna madaktari saa zote.

"Mlango wa kufungwa," nikasema.

"Kwa usalama wake. Na wewe utapumzika. Huoni jinsi ulivyochoka?"

Nilikata simu. Nimechoka, ndiyo. Nimechoka na yeye.

Alhamisi, 19 Desemba

Naandika haya polepole ili yasije yakageuka nikikumbuka baadaye.

Mpimaji anaitwa Sigalit, mwanamke mpole wa sauti, kompyuta mapajani. Rahmin alikaa pembeni yake. Kwa kuwa Mama hasemi Kiebrania, idara imetoa mkalimani wa Kiarabu kwa simu, mwanamume wa Galilaya anayeitwa Wisam. Simu iliwekwa mezani kwa sauti kubwa, karibu na bakuli la machenza.

"Muulize leo ni siku gani," akasema Sigalit.

Mama akajibu, "Alhamisi, siku ya kununua samaki, na huyu ananichelewesha. Wazuri wote wameshachukuliwa."

"Anasema Alhamisi," akasema Wisam. "Halafu kuna habari ya samaki. Sikuishika vizuri."

Sigalit akaandika. Akauliza mengine, umri, majina ya watoto. Mama alijibu, na kila jibu lilipita kwenye ile simu likatoka limepungua. Alipotaja kijiko na sufuria kwa Kiitaliano, Wisam akasema, "Samahani, sijui maneno hayo." Alipotaja mwezi kwa kalenda yetu, hakuujua.

Kisha Sigalit akauliza, "Ukiona moto jikoni utafanya nini?"

Mama alimtazama kama anayeulizwa na mtoto. Akasema kwamba afya ikiwa ya mafuta huimwagii maji, unalowesha blanketi unaizima afya kwa kuifunika, kisha unamwita Rubina.

Kwetu ndivyo moto unavyoitwa, afya. Wa zamani waliogopa kuutaja ukiwa ndani ya nyumba, wakaupa jina zuri ili usikasirike. Nimekua nikiambiwa niwashe afya, nisichezee afya, afya itaniunguza.

Wisam alisita. "Anasema, ataizima afya kwa blanketi."

Vidole vya Sigalit vikasimama. "Afya?"

"Ndivyo nilivyosikia. Afya."

Nikasema, "Ni moto. Kwa lugha yetu moto ni afya. Amejibu sawasawa, amejibu kuliko ambavyo ningejibu mimi."

"Bi Rubina, tafadhali. Wewe una upande kwenye jambo hili. Usimsaidie."

Wisam akasema kwenye simu, "Huenda dada anasema kweli. Huyu mama haongei Kiarabu changu. Naelewa nusu, na hiyo nusu yenyewe nabahatisha. Sipendi maneno yangu yaandikwe kama yake."

"Kiarabu ni Kiarabu," akasema Sigalit.

Nikamgeukia Rahmin. "Umelelewa kwenye nyumba hii. Afya ni nini?"

Alikuwa anamenya chenza. Aliendelea kulimenya. "Sikumbuki," akasema.

Anakumbuka. Ana kovu la afya kwenye kiganja, alishika jiko akiwa na miaka minne, nyumba nzima ikapiga kelele neno hilo.

Mama alimuuliza Sigalit kama amekula. Wisam akatafsiri hilo vizuri. Sigalit akasema asante, ameshakula, akafunga kompyuta.

Jumatatu, 6 Januari

Ripoti imefika. Mazungumzo yasiyoshikamana. Hatambui hatari.

Hakuna mvua tangu ile dhoruba. Anga kama bati.

Jumatano, 15 Januari

Kavu. Nimefungua maji ya kumwagilia mwezi wa Januari, jambo ambalo baba hakuwahi kulifanya. Mama anakula kidogo. Bi Gazala anakuja kila siku sasa na sufuria lake, samaki wa pilipili, na kila siku Mama anamwambia chumvi imezidi.

Nimemwambia Bi Gazala habari ya mahakama. Nilitegemea mbio za umbea, kijiji kizima kijue kabla ya jua kuzama. Aliweka sufuria chini. Akauliza, "Na mimi nikipata kiharusi, nani atasema mimi si kichaa?"

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nilikuwa nafikiria Mama tu.

Ijumaa, 24 Januari

Jana usiku ulikuwa usiku wa urithi wa Tripoli, mjini, ukumbi wa manispaa. Rahmin ndiye mwenyekiti wa kamati ya urithi. Alituma gari lituchukue. Sikutaka kwenda, Mama ndiye aliyetaka, amwone mwanawe jukwaani. Alivaa hereni zake za dhahabu na kitambaa cha hariri.

Watu zaidi ya mia tatu. Tulikalishwa safu ya mbele, mimi, Mama na Bi Gazala. Rahmin akapanda na suti ya kijivu. Akasema lugha ya mama zetu ni lulu. Akasema hatutaiacha ife mikononi mwetu. Alisema yote hayo kwa Kiebrania, akatia neno moja la kwetu, la kukaribisha wageni, akalikosea. Watu wakapiga makofi hadi viti vikatikisika.

Ombi lake liko mahakamani. Linasema mwanamke aliyekaa hatua chache mbele yake hana akili, na ushahidi ni kwamba anaisema hiyo lulu.

Kisha akaja mchekeshaji. Mwanamume mnene aliyejifunga kitambaa kama bibi wa Tripoli, mgongo umepinda, anamtukana daktari, anamtukana dereva wa basi, anamtukana mkwe. Maneno yake yote ya kwetu hayafiki kumi na yote ni laana. Watu wa umri wangu walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Hayo ndiyo waliyobakiza, matusi na majina ya vyakula.

Mama aliniuliza, wala hakupunguza sauti, "Huyu anamwigiza nani?"

Nikamwambia, "Anakuigiza wewe, Mama."

Akasimama. Nilimshika kiwiko, akanitoa. Alimwambia yule mchekeshaji, taratibu, kwa ile sauti yake ya kusahihisha mapishi, "Mwanangu, unatukana vibaya. Hayo maneno wanawake hawakuyasema, yalikuwa ya wapagazi wa bandarini. Njoo nyumbani nitakufundisha matusi ya wanawake. Ukishayajua nitakufundisha na kusema asante, maana naona hilo nalo hulijui."

Bi Gazala alicheka peke yake katika ukumbi mzima, akijipigapiga paja. Wengine walikuwa wanatabasamu, wanangoja waambiwe amesema nini.

Rahmin akasogea kwenye kipaza sauti. "Mama yangu anatubariki sote," akasema.

Makofi tena. Watu walisimama. Kuna mwanamke alilia.

Mama aliketi, akaniuliza, "Amewaambia nini?"

Nikamwambia. Alijirekebisha kitambaa. Njiani kurudi hakusema kitu kwa lugha yoyote.

Jumapili, 2 Februari

Sili vizuri. Nimemwandikia Rahmin ujumbe mara nne nikafuta.

Jumanne, 11 Februari

Vumbi. Machenza ya mashariki matamu mno mwaka huu, kwa kiu.

Jumanne, 18 Februari

Mahakamani.

Bi Gazala, niliyemleta amtafsirie Mama, alipaka nywele rangi nyeusi kwa ajili ya leo. Wakili wa Rahmin akapinga asitafsiri, hana cheti cha ukalimani. Hakimu, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo shingoni, akauliza mwenye cheti cha lugha hii yuko wapi. Karani akatafuta. Hayupo. Nchi nzima hayupo. Mimi siruhusiwi, nina upande. Wakatumia mkalimani wa Kiarabu wa mahakama, binti mdogo mwenye hijabu, naye akasema mapema kwamba atajitahidi lakini anaomba asilaumiwe.

Hakimu akamwinamia Mama. "Unataka kuishi wapi?"

Mama hakusubiri mkalimani, Kiebrania anakisikia. Alisema, "Nilihama mara moja. Nilipanda meli nina mimba, mtoto akafia kwenye mahema ya wahamiaji, hata jina hajapewa. Nikasema sihami tena. Nina nyumba, nina miti, nina adui yangu Gazala anayeniletea samaki. Huyu mwanangu mwambieni nampenda, lakini kwenye nyumba anayotaka kunipeleka sijui hata chumvi inakaa wapi."

Binti akaangalia karatasi yake. "Mheshimiwa, nimepata meli, na mtoto aliyekufa, na miti, na chumvi. Anaongea kwa mpangilio. Mimi ndiye niliyekosa maneno."

Wakili akasimama kusema kwamba hilo ndilo hasa linaloonyesha kwamba Mama hana akili timamu. Hakimu akamwashiria akae. Akamgeukia kaka yangu.

"Wewe ni mwanawe. Amesema nini?"

"Mheshimiwa, Mama anachanganya mambo."

"Sikuuliza hivyo. Nimeuliza amesema nini."

Rahmin alifungua mdomo. Namjua tangu hajaota meno, najua akitafuta uongo uso wake unakuwaje. Leo haukuwa hivyo. Alitafuta kweli, akakosa.

"Sijui," akasema.

"Basi umejuaje kwamba anachanganya?"

Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya baba. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilifurahi. Nilifurahi hadi nikaogopa.

Hakimu ameiweka ile ripoti kando. Mama apimwe upya na mtu anayesema lugha yake, hata kama hana cheti cha ukalimani, na mpaka hapo asihamishwe.

Kuhusu lile neno la kumpenda, hakuna aliyemfikishia Rahmin. Binti wa mahakama hakulipata. Mimi sikumwambia. Hakuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Tumempata Daktari Zanzuri, amestaafu, anaishi karibu na Netanya na paka wengi. Alikaa na Mama asubuhi nzima. Alimuuliza habari ya moto, Mama akampa jibu lilelile, akamwongezea kwamba daktari mzima hapaswi kuuliza mambo ya jikoni asiyoyajua. Alicheka mpaka akavua miwani. Aliniambia tangu mkewe afe hajaisema lugha hii na mtu. Alikunywa chai ya pili, na ya tatu, hataki kuondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua, hatimaye. Imechelewa, lakini mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Daktari ameandika kwamba akili ya Mama ni timamu. Rahmin ameondoa ombi lake. Nimeambiwa na wakili, si na yeye.

Bi Gazala ameleta samaki. Chumvi imezidi.

Jumanne, 1 Aprili

Jana jioni ulikuwa mwanzo wa Nisani, mwezi wa kwanza wa kalenda yetu, nasi tulikoroga bsisa kama kila mwaka, unga wa ngano na shayiri uliokaangwa na bizari, mafuta yanamiminwa juu, unakorogwa kwa ufunguo wa nyumba. Mama alishika ufunguo kwa mkono wa kushoto. Alisema yale maneno ya kumwomba Mungu mwaka ufunguke, Bi Gazala akaitikia, nami nikaitikia.

Tulikuwa tunaanza kula alipoingia Rahmin. Peke yake, bila suti. Hajaonekana hapa tangu mahakamani. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi kama mtu aliyekuja kuchukua kitu alichosahau.

Mama alimwona. Akasema maneno mawili.

Rahmin akanitazama. "Amesema nini?"

Nimekuwa nikitafsiri majira yote ya baridi. Hospitali, ustawi, wasichana wa sikukuu, jirani, fundi bomba. Nikamtazama kaka yangu, nikamwona kwenye kipaza sauti na suti yake ya kijivu.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Yupo hapo."

Mama akarudia. Sauti ilikuwa juu kidogo, hapendi kurudia. Uso wake tangu kiharusi umevutika upande mmoja, akiinua sauti anaonekana mkali. Bi Gazala akafungua mdomo nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Rahmin alizigeuza funguo mkononi. Akasema, "Nimeelewa." Akasema, "Ana haki." Akatoka. Tukasikia gari likirudi nyuma kwenye changarawe.

Mama alibaki na ufunguo mkononi, unadondosha mafuta. "Kwa nini ameondoka? Nimemwambia nini kibaya?"

Alikuwa amemwambia, Kaa ule.

Sikumjibu. Bi Gazala alichukua mtandio wake akaenda kwake bila kuaga, na leo asubuhi hajaja.

Baada ya chai ya asubuhi Mama alinisogezea simu, akaniambia nimpigie. Nilibonyeza namba, nikataka kuongea kwanza, akaninyang'anya. Rahmin aliitikia. Mama akayasema yale maneno mawili. Akayasema tena, polepole, kama anavyosemeshwa mtoto anayejifunza kutembea. Sauti ya kaka yangu nilikuwa naisikia mpaka nilipokaa.

"Mama? Mama, sielewi. Mpe Rubina simu. Mama, mpe Rubina."

Hakunipa.